Therac-25

Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyoendeshwa kwa kompyuta. Ilitengenezwa na Atomic Energy of Canada Limited (AECL), kampuni ya umma ya nchini Kanada, na ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1982. Jumla ya mashine 11 zilifungwa hospitalini: tano Marekani na sita Kanada.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine hizo ziliwapa wagonjwa sita wa saratani dozi ya mionzi iliyozidi mno ile waliyoandikiwa na daktari. Wengine walifariki kutokana na majeraha hayo na wengine walibaki na ulemavu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya programu ya kompyuta iliyoongoza mashine mlikuwa na kasoro, na kwamba vizuizi vya usalama ambavyo vingeweza kuzuia madhara yake vilikuwa vimeondolewa wakati mashine inasanifiwa.

Habari za Therac-25 hufundishwa katika vyuo vingi vinavyotoa masomo ya kompyuta. Ni miongoni mwa mifano inayojulikana zaidi ya jinsi kosa dogo katika programu linavyoweza kuua watu.

Tiba ya mionzi kwa ufupi

Tiba ya mionzi hutumia miale yenye nguvu kuharibu seli za saratani. Mashine kubwa za kazi hiyo huongeza kasi ya elektroni hadi ziwe na nishati ya kutosha kupenya mwilini. Kuna njia mbili za kuzitumia elektroni hizo. Kama uvimbe uko karibu na ngozi, elektroni zenyewe huelekezwa kwa mgonjwa. Kama uvimbe uko ndani zaidi, elektroni hugongeshwa kwanza kwenye kipande cha metali, na hapo hutokea eksirei zenye nguvu ambazo hupenya mbali.

Wakati wa Therac-25 kipimo cha mionzi kilichotumiwa hospitalini kilikuwa radi. Siku hizi hutumika zaidi grei, ambayo ni sawa na radi 100. Mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupewa radi 200 hivi kwa siku moja, tena kwenye sehemu ndogo tu ya mwili. Dozi ya radi 500 ikiingia katika mwili mzima inatosha kuua nusu ya watu wanaoipata. Takwimu hizi zinafaa kukumbukwa, kwa sababu wagonjwa wa Therac-25 walikadiriwa kupata radi elfu nyingi mahali pamoja katika muda mfupi sana.

Jinsi mashine ilivyofanya kazi

Therac-25 iliweza kutoa tiba za aina zote mbili, yaani elektroni na eksirei. Hilo lilikuwa jambo la kuvutia kwa hospitali, kwani mashine moja ilifanya kazi ya mbili. Ndani yake mlikuwa na sahani inayozunguka, na juu ya sahani hiyo vilipangwa vifaa vya aina tatu.

Mahali pa kwanza palikuwa na sumaku za kutawanya mwale wa elektroni ili usimpige mgonjwa kama sindano, bali uenee juu ya eneo linalotibiwa. Mahali pa pili palikuwa na kipande cha metali cha kutengeneza eksirei pamoja na kichujio cha kuzisawazisha. Mahali pa tatu palikuwa na kioo na taa ya kawaida, vilivyomwezesha mtumishi kuona mwale utaangukia wapi. Sahani ikiwa katika nafasi hiyo ya taa, mashine haikutakiwa kutoa mwale wowote.

Kichujio cha eksirei hunyonya sehemu kubwa ya nguvu. Kwa hiyo, katika tiba ya eksirei, mwale wa elektroni ulipaswa kuwa mkali mara 100 hivi kuliko ule wa tiba ya elektroni. Hatari ya mashine hii ilikuwa hapo. Kama mwale mkali uliokusudiwa kwa eksirei ungetoka huku kipande cha metali na kichujio havipo mahali pake, mgonjwa angepigwa moja kwa moja na mwale huo. Usalama wake ulitegemea jambo moja: sahani na ukali wa mwale viwe vimekubaliana kila mara.

Kutoka Therac-6 hadi Therac-25

Therac-25 haikuwa mashine ya kwanza ya aina yake. AECL ilikuwa imeshirikiana na kampuni ya Ufaransa iitwayo CGR kutengeneza Therac-6 na Therac-20. Mashine hizo mbili zilikuwa na kompyuta, lakini kompyuta ilikuwa nyongeza ya kurahisisha kazi tu. Ziliweza kuendeshwa bila hiyo, na zilikuwa na saketi za umeme na vizuizi vya kimakanika vilivyokagua nafasi ya sahani. Vizuizi hivyo vikigundua kosa, mwale ulikatika hata kama kompyuta haikujua lolote.

Therac-25 ilisanifiwa tangu mwanzo itegemee kompyuta, ambayo ilikuwa ya aina ya PDP-11. Wasanifu waliona kwamba kwa kuwa programu inaweza kukagua kila kitu, hapakuwa na haja ya kurudia vizuizi vyote vya zamani. Vingi viliachwa, na kazi yake ikapewa programu. Sehemu za programu ya mashine za zamani zilitumiwa tena, na programu ya Therac-25 iliandikwa na mtu mmoja kwa muda wa miaka kadhaa. Maandishi ya kueleza jinsi programu ilivyojengwa na jinsi ilivyojaribiwa yalikuwa machache.

Mwezi Machi 1983 AECL ilifanya uchambuzi wa usalama wa mashine. Uchambuzi huo ulihesabu uwezekano wa vifaa kuharibika, lakini haukugusa makosa ya programu yenyewe. Ulichukulia kwamba programu haichakai kama chuma kinavyochakaa, na kwa hiyo kwamba kompyuta ikikosea itakuwa ni kwa sababu ya vifaa vyake. Ni kweli kwamba programu haishiki kutu. Lakini kasoro iliyoandikwa ndani yake siku ya kwanza hubaki humo, ikisubiri hali itakayoifichua.

Ajali sita

Ajali ya kwanza ilitokea Marietta, jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 3 Juni 1985. Mwanamke wa miaka 61 aliyekuwa akitibiwa baada ya upasuaji wa saratani ya matiti alihisi joto kali wakati wa tiba. Baadaye ilikadiriwa kwamba alipata radi 15,000 hadi 20,000. Mwanafizikia wa hospitali aliwauliza watengenezaji kama mashine ingeweza kutoa mwale wa elektroni bila kuutawanya. Jibu lilikuwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Ajali ya pili ilitokea Hamilton, mkoa wa Ontario, Kanada, tarehe 26 Julai 1985. Mashine ilisimama baada ya sekunde tano na kuonyesha kwamba hakuna dozi iliyotolewa. Mtumishi alibonyeza kitufe cha kuendelea, mashine ikasimama tena. Hilo lilirudiwa mpaka mashine ikajifunga yenyewe baada ya jaribio la tano. Mgonjwa, mwanamke wa miaka 40, alifariki mwezi Novemba kwa saratani yake. Madaktari walisema kwamba kama angeishi angehitaji nyonga ya bandia kwa sababu ya uharibifu wa mionzi. AECL ilishuku swichi ndogo zilizoonyesha nafasi ya sahani, ikabadilisha sehemu hizo, kisha ikatangaza kwamba usalama umeboreshwa kwa kiwango kikubwa mno. Hata hivyo haikuwa imefaulu kuirudia hitilafu yenyewe, kwa hiyo haikuwa na uhakika kwamba imeitibu.

Ajali ya tatu ilikuwa Yakima, jimbo la Washington, mwezi Desemba 1985. Ngozi ya mgonjwa ilipata wekundu wa mistari iliyo sambamba. Hospitali iliandika barua, na jibu likawa tena kwamba mashine haiwezi kuwa chanzo.

Ajali ya nne na ya tano zilitokea katika hospitali moja ya mji wa Tyler, jimbo la Texas, tarehe 21 Machi na 11 Aprili 1986. Hizi ndizo zilizofungua siri ya kasoro ya kwanza. Ajali ya sita ilitokea Yakima tena, tarehe 17 Januari 1987, nayo ikafichua kasoro nyingine tofauti kabisa.

Siku mbili za Tyler

Mgonjwa wa tarehe 21 Machi 1986 alikuwa mwanamume aliyefika kwa tiba yake ya tisa. Alipaswa kupewa radi 180 za elektroni mgongoni. Mtumishi wa mashine alikuwa mzoefu na mwepesi wa kuchapa. Aliketi katika chumba cha pili na kuingiza maelezo ya tiba katika kompyuta. Kwa kuwa wagonjwa wengi walihitaji eksirei, aliandika herufi ya eksirei kwa mazoea. Alipogundua kosa alitumia kitufe cha mshale kurudi juu, akabadili herufi iwe ya elektroni, kisha akabonyeza haraka kupita mistari mingine ambayo ilikuwa sahihi. Skrini ilionyesha kwamba kila kitu kimehakikiwa. Akaanzisha tiba.

Mashine ilisimama mara moja na kuandika “Malfunction 54”, yaani hitilafu namba 54. Kitabu cha maelekezo hakikueleza maana ya namba hiyo. Skrini ilionyesha pia kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyoagizwa. Watumishi walikuwa wamezoea mashine kusimama mara nyingi kwa siku kwa sababu ndogondogo, na kitufe kimoja kilitosha kuendelea. Mtumishi alikibonyeza.

Chumbani, mgonjwa alikuwa amehisi kama amepigwa na umeme mgongoni. Alijua kutokana na tiba zilizotangulia kwamba hilo si la kawaida, akaanza kuinuka kutafuta msaada. Wakati huohuo mwale wa pili ulimpiga mkononi. Siku hiyo kamera ya chumba haikuwa imeunganishwa, na simu ya ndani ilikuwa mbovu, hivyo mtumishi hakuona wala kusikia kitu mpaka mgonjwa alipofika mlangoni na kuugonga. Mgonjwa huyo alifariki miezi mitano baadaye kutokana na madhara ya mionzi.

Mafundi walikagua mashine na hawakuona kosa. Walidhani huenda mgonjwa alipigwa na umeme, lakini kampuni huru ya uhandisi ilichunguza na kukuta hakuna tatizo hilo. Mashine ikarudishwa kazini tarehe 7 Aprili.

Siku nne baadaye mtumishi yuleyule alikuwa akimhudumia mgonjwa mwenye saratani ya ngozi usoni. Aliandika herufi ya eksirei, akasahihisha haraka, akaanzisha tiba, na ujumbe uleule ukatokea. Safari hii simu ya ndani ilifanya kazi, naye alisikia mlio mkubwa na mgonjwa akiugulia. Mgonjwa huyo alifariki tarehe 1 Mei 1986.

Mwanafizikia wa hospitali aliisimamisha mashine na hakusubiri watengenezaji. Yeye na mtumishi walikaa mbele ya kibodi wakarudia kuingiza maelezo yale kwa njia mbalimbali, mpaka wakagundua kwamba siri ilikuwa katika kasi. Maelezo yakisahihishwa polepole, hakuna kilichotokea. Yakisahihishwa haraka, kama afanyavyo mtu aliyezoea kazi, “Malfunction 54” ilitokea. Watengenezaji wenyewe hawakuweza kuipata hitilafu hiyo mpaka walipoelezwa kwamba ni lazima kuchapa kwa haraka.

Kasoro ya kwanza: kazi mbili zisizongojana

Programu ya Therac-25 ilifanya kazi kadhaa kwa pamoja. Sehemu moja ilipokea yale yaliyochapwa kwenye kibodi. Sehemu nyingine iliandaa mashine kwa tiba. Sehemu hizo zilisoma na kuandika katika mahali pamoja pa kumbukumbu ya kompyuta, bila utaratibu madhubuti wa kuzuia moja kubadili jambo wakati nyingine inalitumia.

Mtumishi alipofika mwisho wa fomu kwenye skrini, sehemu ya maandalizi iliona kwamba maelezo yamekamilika. Ilichukua aina ya tiba iliyoandikwa, ikaweka ukali wa mwale unaofaa, kisha ikaanza kuandaa sumaku za kuukunja mwale. Kuandaa sumaku kulichukua sekunde 8 hivi. Katika muda huo programu ilitakiwa kuangalia kama mtumishi amebadili kitu, lakini kutokana na kosa la uandishi iliangalia wakati wa sumaku ya kwanza tu. Baada ya hapo mabadiliko hayakuonekana.

Sahani inayozunguka iliongozwa na sehemu nyingine ya programu, ambayo ilisoma maelezo mapya. Mtumishi aliyebadili eksirei kuwa elektroni ndani ya sekunde 8 alipata mashine iliyogawanyika: sahani ilifuata agizo jipya la elektroni, na ukali wa mwale ulibaki kwenye agizo la zamani la eksirei.

Mfano wa mgahawani unaweza kusaidia. Mteja anaagiza chai, na mpishi anaanza kuchemsha. Mteja anabadili mawazo na kuagiza maji ya matunda, na mhudumu anaweka mezani bilauri nyembamba ya maji baridi. Mpishi hakuambiwa, anakuja na birika lake na kumimina chai inayochemka katika bilauri ile. Mpishi hakukosea, wala mhudumu hakukosea, kila mmoja akitazamwa peke yake. Kilichokosekana ni desturi ya kuulizana kabla ya kumimina.

Katika elimu ya kompyuta kosa la namna hii huitwa hali ya kushindana muda: matokeo hutegemea nani ametangulia kwa sehemu ya sekunde. Ni vigumu kuligundua kwa majaribio ya kawaida, kwa sababu anayejaribu mashine mpya huchapa polepole na kwa uangalifu. Mtumishi wa kweli huongeza kasi kadiri anavyozoea. Hivyo mashine ilikuwa salama mikononi mwa mgeni na hatari mikononi mwa stadi.

Kwa nini skrini ilionyesha dozi ndogo? Vifaa vya kupimia mionzi ndani ya mashine vilizidiwa na ukali wa mwale, vikashindwa kuhesabu sawasawa. Kipimo kilichopaswa kupiga kelele kuliko vyote ndicho kilichotuliza wasiwasi.

Kasoro ya pili: hesabu inayorudi sifuri

Ajali ya Januari 1987 huko Yakima ilitokana na jambo jingine. Kabla ya tiba, mtumishi aliweka sahani katika nafasi ya taa ili kuhakiki mahali pa kutibiwa. Kisha alibonyeza kitufe cha kuirudisha sahani katika nafasi ya tiba. Programu ilikuwa na kigeu, yaani mahali pa kuhifadhi namba, kilichoonyesha kama nafasi ya sahani bado inahitaji kukaguliwa. Kama kigeu hicho kilikuwa na namba yoyote isiyo sifuri, programu ilikagua. Kama kilikuwa sifuri, programu iliendelea bila kukagua.

Badala ya kukipa kigeu namba moja isiyobadilika, mwandishi wa programu alikiongeza kwa 1 kila mara programu ilipozunguka wakati wa maandalizi, na mizunguko hiyo ilikuwa mamia. Kigeu kilihifadhiwa katika baiti moja. Baiti ina biti 8, na kila biti ni 0 au 1, kwa hiyo namba zinazoweza kuandikwa ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukiongeza 1 juu ya 255, baiti hurudi 0, kama vile mita ya kilomita ya gari la zamani inavyorudi 00000 baada ya 99999.

Kwa hiyo katika kila mizunguko 256 palikuwa na mzunguko mmoja ambapo kigeu kilikuwa sifuri, na programu iliamini kwamba hakuna cha kukagua. Mtumishi aliyebonyeza kitufe wakati huohuo aliruka ukaguzi bila kujua. Mashine ilitoa mwale mkali sahani ikiwa katika nafasi ya taa, bila sumaku za kutawanya wala kipande cha metali. Mgonjwa alikadiriwa kupata radi 8,000 hadi 10,000 badala ya radi 86 alizoandikiwa. Alifariki mwezi Aprili mwaka huo.

Tiba ya kasoro hiyo ilikuwa ndogo mno: badala ya kuongeza 1, programu ikipe kigeu namba isiyo sifuri na kukiacha hivyo. Ni badiliko la agizo moja la programu.

Ushahidi kutoka Therac-20

Baada ya ajali za Tyler iligunduliwa kwamba kasoro ya kwanza ilikuwamo pia katika programu ya Therac-20, mashine iliyotangulia. Katika kituo cha tiba ya mionzi cha Chuo Kikuu cha Chicago, ilikuwa imeonekana kwamba kila wanafunzi wapya walipoanza kujifunza mashine hiyo, fyuzi zilikatika mara kwa mara. Wanafunzi wale walichapa maelezo kwa namna zisizotabirika, jinsi wageni wafanyavyo. Walipozoea kazi, tatizo lilipungua.

Hakuna mgonjwa aliyeungua kwa sababu hiyo, kwani Therac-20 ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu. Kosa lilikuwa lilelile, ila katika Chicago matokeo yake yalikuwa fyuzi, na katika Tyler yalikuwa kifo. Tofauti ilikuwa ni saketi chache ambazo wasanifu wa Therac-25 waliziona za ziada. Programu iliyotumika miaka mingi bila malalamiko ilidhaniwa kuwa imethibitika, kumbe makosa yake yalikuwa yakizuiwa kimyakimya na vifaa.

Kwa nini ajali ziliendelea

Kutoka ajali ya kwanza hadi ya sita ilipita miezi 19. Sababu za kuchelewa zilikuwa kadhaa.

Kwanza, hospitali hazikuwa na habari za wenzao. Watumiaji kadhaa waliambiwa kwamba hakuna tukio lingine kama lao, hata baada ya kuwapo matukio hayo. Wakati huo sheria ya Marekani iliwataka watengenezaji kutoa taarifa, lakini hospitali hazikulazimika.

Pili, kila ajali ilitafutiwa sababu moja ya haraka: swichi, umeme, au kosa la mtumishi. Sababu ilipopatikana, ilirekebishwa na shauri likafungwa. Baada ya Tyler, hatua ya kwanza iliyoagizwa ilikuwa kung’oa kitufe cha mshale kwenye kibodi na kukiziba kwa utepe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliona hatua hiyo haitoshi, na mwezi Mei 1986 ikatangaza kwamba mashine ina kasoro.

Tatu, watu waliiamini kompyuta kuliko mgonjwa. Mgonjwa alisema ameungua, skrini ikasema hakupata kitu, na mara kadhaa neno la skrini ndilo lililochukuliwa.

Nne, ujumbe wa hitilafu ulikuwa mwingi na usioeleweka. Onyo linalotokea mara nyingi kwa siku bila maana hugeuka kelele, na mtu hujifunza kulinyamazisha bila kulisoma.

Marekebisho

Mwezi Februari 1987 FDA na idara ya afya ya Kanada zilipendekeza mashine zote za Therac-25 zisitumike kwa kawaida mpaka zirekebishwe. Mpango wa marekebisho ulipitia matoleo kadhaa na kukamilika mwezi Julai mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na marekebisho ya programu, lakini yaliyo muhimu zaidi yalikuwa vifaa: kizuizi huru cha kukata mwale dozi inapozidi, na kipimo cha nafasi ya sahani kisichotegemea kompyuta. Ujumbe wa hitilafu ulitakiwa uandikwe kwa maneno yenye maana, na mtumishi asiweze kuendelea kwa kitufe kimoja baada ya hitilafu kubwa.

Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya vifaa salama vya tiba, ambayo ilizitaka pia hospitali kutoa taarifa za vifo na majeraha makubwa yanayohusiana na vifaa. Mwaka 2006 ilitolewa IEC 62304, kanuni ya kimataifa kuhusu utengenezaji wa programu za vifaa vya tiba.

Uchunguzi wa Leveson na Turner

Mwezi Julai 1993 Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha makala ndefu kuhusu ajali hizi katika jarida la Computer la taasisi ya IEEE. Walikusanya barua, taarifa za serikali na kumbukumbu za mahakama, wakaonyesha hatua kwa hatua yaliyotokea. Makala hiyo ndiyo chanzo kikuu cha mambo yanayojulikana kuhusu Therac-25, na husomwa sana na wanafunzi na waandishi wa programu. Leveson aliyarudia maelezo hayo katika kitabu chake Safeware cha mwaka 1995.

Hoja yao kubwa ni kwamba kutaja mistari miwili ya programu kuwa ndiyo chanzo ni kupunguza ukweli. Hakuna programu kubwa isiyo na kasoro hata moja, na kuondoa kasoro iliyojulikana hakuhakikishi kwamba iliyofichika haipo. Ajali ya sita ilithibitisha hilo, kwani ilitokea baada ya kasoro ya Tyler kujulikana. Kwa hiyo mfumo mzima unapaswa kusanifiwa ili kosa moja lisitoshe kumdhuru mtu.

Mafunzo kwa waandishi wa programu

Yafuatayo ni mambo yanayotajwa mara kwa mara na walimu wanapofundisha habari hizi:

- Programu isiachwe iwe mlinzi pekee mahali penye uhai wa watu. Kizuizi cha kimakanika au cha umeme kinagharimu kidogo kikilinganishwa na ajali.
- Programu iliyofanya kazi vizuri katika mashine moja si lazima iwe salama katika mashine nyingine. Mazingira yakibadilika, lazima ijaribiwe upya.
- Kazi mbili zinazotumia kumbukumbu moja ziwe na utaratibu wa kungojana.
- Kigeu kinachohitaji kusema “ndiyo” au “hapana” kisitumiwe kama cha kuhesabia.
- Ujumbe wa hitilafu useme kilichotokea, hatari yake, na mtumiaji afanye nini.
- Kazi ya mtu mmoja isomwe na mwingine, na maelezo yake yaandikwe.
- Malalamiko ya mtumiaji yachunguzwe hata kama hayawezi kurudiwa mara moja. Kutoweza kulirudia kosa si uthibitisho kwamba halipo.

Matatizo ya namna hii hayakuisha na Therac-25. Nchini Panama, mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walipewa mionzi kupita kiasi katika taasisi ya saratani ya taifa. Huko mashine za mionzi zenyewe hazikuwa na kosa. Watumishi walikuwa wakiingiza maelezo ya vikinga mionzi kwa njia ambayo programu ya kupanga tiba haikutarajia, nayo ikakokotoa muda wa tiba mrefu kupita inavyotakiwa bila kutoa onyo.

Tiba ya mionzi inaendelea kuwasaidia wagonjwa wengi wa saratani duniani, na mashine za leo zina ulinzi wa tabaka kadhaa. Sehemu ya ulinzi huo ilitokana na yaliyojifunzwa Marietta, Hamilton, Tyler na Yakima.